Siku Walubengo Alipomtangaza Mama Mkwe

Zakayo Walubengo alikuwa mpole kuliko kazi yake. Ungemkuta mtaani kwetu Kaloleni, anamwagilia sukuma zake nyuma ya nyumba kwa kopo la bati, ungedhani ni mzee wa kanisa. Lakini mpandishe kwenye Landrova ya ofisi ya mji, ile yenye spika kubwa juu ya paa, umpe mikrofoni mkononi, basi Kisumu nzima inatafuta pa kujificha. Mbwa wasiofungwa watapigwa risasi kuanzia Jumatatu: ni Walubengo. Vibanda vya kando ya reli vitabomolewa: ni Walubengo. Maji yatafungwa kutwa nzima, ng'ombe wasionekane tena barabarani, kila mtu aonyeshe cheti cha kodi: Walubengo, Walubengo, Walubengo. Alianza kwa Kiswahili, akarudia kwa Kijaluo chake chenye lafudhi ya Kibukusu, "Winjuru, winjuru," yaani sikilizeni, na kabla hajafika kwenye jambo lenyewe wanawake wa soko la Kibuye walikuwa wameshaanza kufunga mizigo.

Mimi ni Adero, nyar Seme, yaani binti wa Seme, mzaliwa wa karibu na Kombewa. Nilikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta, na kazi yangu ilikuwa cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja pale Kibuye. Watu husema nina mdomo. Ninao, sikatai, na miaka ile niliutumia sana juu ya Walubengo, ingawa mkewe Nasipwondi alikuwa rafiki yangu wa kuazimana chumvi na siri.

Kisa cha watu kumkimbia hivyo kilikuwa sinema. Mwaka uliofuata uhuru alipita mitaani akitangaza kwamba Jumamosi jioni kutakuwa na sinema ya bure ndani ya uwanja mmoja wenye ukuta, wote waje, wazee kwa watoto. Tukaenda. Nani alikataa sinema siku zile? Tukaonyeshwa mtu mnene akianguka matopeni, akiinuka, akianguka tena, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Ilipokwisha tukakuta geti la nondo limefungwa, na mbele yake meza, na nyuma ya meza watu wa afya na sindano zao za ndui. Hakuna aliyetoka bila kuchanjwa. Sisemi chanjo ni mbaya, kwetu ndui ilimaliza watu. Lakini ukitaka kunichanja niambie unanichanja, nitanyoosha mkono mwenyewe. Kunichekesha kwanza halafu ukanifungia geti, hapo umenifanya kuku.

Walubengo hakujua lolote. Karatasi aliyopewa iliandikwa sinema, naye akasoma sinema. Ila alikuwa amekaa nje, ndani ya Landrova, hakuchanjwa, na sisi tulimwona.

Mtu mwingine aliyemwona alikuwa mama mkwe wake. Mama Nabututu alikuwa amekuja kutoka Kimilili kumtembelea binti yake, na kwa kuwa mama hawezi kulala katika nyumba ya mkwe wake, alikuwa akilala kwangu, kwenye kitanda cha binti yangu Amolo. Jioni ile, mama wa watu, mwenye heshima zake, alisimama kwenye foleni na gomesi yake nzuri, lile vazi refu la heshima, akafunua bega mbele ya umati, na alipoinua kichwa macho yake yakagongana na ya mkwe wake pale nje ya geti. Walubengo alijitupa chini kwenye kiti cha gari akajifunika uso na koti, lakini alikuwa amechelewa.

Asiyejua desturi zetu ataona ni jambo dogo. Kwao Wabukusu kama kwetu Waluo, mama mkwe haangaliwi ovyo. Ukimwona anakuja unaacha njia. Huli mbele yake, naye hali mbele yako. Sasa mtu amwite mama mkwe wake kwa spika, afungiwe geti, avuliwe nguo begani, naye akitazama? Alfajiri iliyofuata Mama Nabututu alichukua kikapu chake akapanda basi la kwanza. Hakugombana na mtu, na hata kitambaa chake cha kichwa alikisahau kwenye kamba yangu ya nguo.

Hakurudi tena. Walubengo alipeleka blanketi na mbuzi kuomba radhi, vikapokelewa kwa shukrani, ila mguu wa Kisumu mama hakuuleta. Nasipwondi akienda na watoto alipokelewa vizuri, akirudi alilia kwenye bega langu. Alijifungua watoto wengine wawili bila mama yake kuwa karibu naye, na hilo lilimuumiza sana. Walubengo naye alizidi kuwa kimya nyumbani, akaonekana kama mtu anayeiogopa sauti yake mwenyewe.

Miaka ikapita, tukafika mwaka wa sitini na tisa, ndipo likaja jambo la bwawa.

Bwawa la Malwal liko juu ya mji, mlimani, nalo lilikuwa likileta maji ya mifereji yetu. Tangu enzi za Wazungu lilizungushiwa seng'enge, na getini palikuwa na ubao wa kuwakataza wasio wanachama wa klabu ya uvuvi. Kulikuwa na nyasi zilizokatwa, miti iliyopandwa kwa mstari, na upepo baridi ambao huku chini kwenye joto letu tulikuwa tukiusikia kwa hadithi tu. Wenye klabu walikwenda Jumapili kuvua samaki kwa ndoana, wakimpata wanampiga picha, halafu wanamrudisha majini. Sisi watu wa ziwa jambo hilo lilitushangaza kuliko hata seng'enge. Samaki umeshampata, unamrudisha ili iweje?

Basi akaja afisa mpya wa maji, kijana mmoja aitwaye Wakoli, akabadilisha sheria. Kila Jumapili geti litakuwa wazi kwa mtu yeyote, bure. Kukaa ruhusa, kutembea ruhusa, kuvua kwa ndoana upande mmoja ruhusa. Kuoga hapana, kufua hapana, nyavu hapana. Lakini wakubwa wenzake hawakukubali moja kwa moja. Walimpa mpaka mwisho wa Agosti. Watu wasipofika, itajulikana kwamba hawana haja na bwawa, na bwawa litakodishwa tena kwa klabu, geti na vyote, kwa miaka mingi ijayo. Hayo Walubengo aliniambia mwenyewe, tukiwa kila mtu upande wake wa sukuma, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiipenda kazi yake. Alisema safari hii amepewa habari njema aitangaze.

Akaitangaza. Watu wakafunga mizigo.

Pale barazani nilipokuwa nikishona, jirani yangu wa kazi alikuwa Obiero kinyozi, mtu asiyemwamini hata wembe wake mwenyewe. Obiero alisema hiyo ni hesabu ya watu kwa mlango wa nyuma. Wateja wake walisema ni sindano, hakuna zaidi. Mimi nilikuwa na langu: leo wanatuita tukae kando ya maji ya kunywa, kesho mtoto wa mtu akojoe humo, keshokutwa tuambiwe maji yamechafuka kwa sababu yetu, mifereji ifungwe na lawama tubebe sisi. Tena tuna ziwa zima, bwawa la nini? Hilo la ziwa nililisema kwa kelele zaidi kwa sababu nilijua si kweli. Ziwa lipo, lakini pale mjini ufuo ulikuwa wa meli, wa reli na wa matangi ya mafuta, na palipobaki palikuwa na viboko na konokono wa kichocho. Mtu wa Kaloleni aliyetaka kukaa kando ya maji na watoto wake Jumapili hakuwa na pa kukaa.

Jumapili ya kwanza bwawani hakufika mtu. Ya pili walifika vijana wawili wapenzi, waliokuwa wakitafuta mahali pasipo watu, wakapapata. Jumatano yake Walubengo aliegesha Landrova mbele ya cherehani yangu akashuka.

"Mama Amolo," akasema, "hata wewe hukuja."

"Baba Jentrix," nikamjibu kwa jina la binti yake, "sinema ulisema bure. Na hii pia umesema bure."

"Mimi sikujua ile maneno ya sindano. Unajua sikujua."

"Najua. Lakini hukuchanjwa. Mtu akinikaribisha pombe kwake anaonja yeye kwanza nikimwangalia. Wewe unatukaribisha ukiwa ndani ya gari."

Alipanda gari lake akaondoka bila hata kuwasha spika, na mimi niliendelea kushona, ingawa moyo haukutulia.

Ijumaa alirudi sokoni. "Winjuru, winjuru." Wanawake wakaanza kufunga vikapu vya omena, dagaa wetu wa ziwani. Obiero, aliyekuwa na kichwa cha mteja mkononi, akasimama akamuuliza kwa sauti ya kusikika soko zima, huko bwawani yeye atampeleka nani wake. Walubengo akajibu kwenye mikrofoni kwamba ataenda na mke wake na watoto. Obiero akasema hao ni watoto wa ofisi, hao sindano inawaruka. Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya. Nikaona shingo ya Walubengo inavimba. Nilimjua miaka mingi, sikuwahi kumwona amekasirika.

"Mama mkwe wangu atakuwa huko," akasema.

Mikono iliyokuwa ikifunga vikapu ikasimama. Aliona hawakuamini masikio yao, akarudia kwa Kijaluo, polepole, neno kwa neno. Jumapili, Mama Nabututu wa Kimilili, mama wa mke wake, atakaa kwenye nyasi za Malwal. Kisha akazima spika, na nilipouona uso wake nilijua kwamba mama mwenyewe hakuwa na habari.

Obiero aliacha maswali, akamaliza kumnyoa yule mteja. Maana mtu anaweza kudanganya kwa jina la serikali, anaweza hata kudanganya kwa jina la marehemu baba yake. Kwa jina la mama mkwe wake hapana. Nani atamwoa binti yako ukijulikana ulifanya hivyo?

Habari zilimfikia Nasipwondi kabla mumewe hajarudi nyumbani. Nilikuwa nikisikia kupitia ukutani, na siombi radhi, ukuta ulikuwa mwembamba. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

"Umemweka mama yangu kwenye spika?" akauliza. "Mara ya pili?"

Walubengo alisema asipokuja ataacha kazi na kurudi Bungoma kulima. Nasipwondi alisema asipokuja hatakuwa na uso wa kwenda Bungoma wala Kimilili wala popote. Asubuhi alinikabidhi watoto akaenda kupanda basi. Nilimuuliza atamwambia nini mama yake. Akasema atamwambia ukweli wote, na kama mama atakataa basi ni haki yake.

Jumapili ile Kisumu ilipanda mlima. Sijui kama mtu hata mmoja alikwenda kwa ajili ya bwawa, tulikwenda kumwona mama mkwe. Kaloleni ilikuja, Manyatta ikaja, watu wa makanisa wakaja na ngoma zao baada ya ibada. Na wote tulivaa mikono mirefu. Obiero alivaa koti zito la baridi, amelifunga vifungo mpaka shingoni, jasho linamchuruzika. Geti lilikuwa wazi kabisa. Wakoli amesimama ndani, sisi tumesimama nje, tunatazamana naye kama wageni wasiojua kama wamefika nyumba yenyewe.

Jua likapanda. Walubengo alisimama kando ya Landrova yake akitazama barabara ya mjini. Watu wakaanza kunong'ona. Mama mmoja akamwita mwanawe waondoke. Niliona aibu kwa niaba yake, na nikatambua kwamba nilikuwa nikiomba Mungu, mimi mwenye mdomo, kwamba yule bibi aje. Sikuomba kwa ajili ya bwawa. Nilimwombea Nasipwondi, na nilimwombea mtu yule aliyekuwa amesimama peke yake na gari lake.

Ndipo tukawaona kwenye kona, wanapanda taratibu, Nasipwondi na kikapu kichwani, na nyuma yake gomesi ya buluu.

Walubengo alifanya kile ambacho mkwe yeyote mwenye adabu hufanya. Akaacha njia. Lakini aache njia aende wapi? Kushoto umati, kulia umati, mbele mama mkwe anakuja. Palipokuwa wazi ni getini tu. Akageuka akaingia mbio, mtu mzima na viatu vyake vya kazi, akapita mbele ya Wakoli, akazunguka ukingo wa bwawa mpaka upande wa pili, akasimama huko anahema.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kuingia alikuwa yeye, mbele ya macho yetu sote. Hakuchanjwa. Hakuhesabiwa. Alikaa chini kwenye nyasi akafuta jasho.

Mama Nabututu alifika getini. Alikuwa amezeeka kidogo. Alitutazama, akaitazama mikono yetu mirefu, akalitazama koti la Obiero kwa muda, halafu akapandisha mkono wa gomesi yake begani, akaonyesha kovu.

"Mimi nilishachanjwa hapa hapa Kisumu," akasema. "Na nyinyi mlikuwa kwa laini pamoja na mimi. Sasa mnaogopa sindano gani?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Sote tulikuwa na kovu lile lile. Kisha akamgeukia Wakoli akamuuliza geti lake linafungwa na nini. Wakoli akatoa kufuli mfukoni, kufuli kubwa la shaba. Akalitazama, akaelewa haraka kuliko nilivyotegemea kwa kijana wa ofisi, akamwekea mkononi kwa mikono yake miwili.

"Kaa nayo wewe, Mama," akasema.

Akaingia nalo. Akachagua mahali penye kivuli, akatandika leso, akakaa, kufuli kwenye mapaja. Sisi nasi tukaingia, kwanza kwa kunyata, halafu kwa wingi.

Siku ile nzuri siwezi kumaliza kuisimulia. Upepo ulikuwepo kweli, haikuwa hadithi. Watoto walijiviringisha kwenye nyasi mpaka nguo nilizowashonea zikawa kijani. Watu wa kanisa waliimba. Wakoli alizunguka akiwasihi akina mama wasinawishe watoto ndani, nao wakamtii, wengine kwa kunung'unika. Mzee mmoja alipata samaki kwa ndoana, Wakoli akamwuliza kwa upole kama atamrudisha, na mzee akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa. Obiero alifungua kifungo kimoja, kisha cha pili, na jua lilipoanza kushuka niliona amelikalia lile koti.

Ng'ambo ya maji Walubengo alikaa peke yake bila chakula. Kuja upande wetu asingeweza. Nasipwondi alifungua kikapu, na mama yake akachukua sahani, akaweka ugali wa wimbi na paja la kuku, akamwambia ampelekee. Nasipwondi alizunguka nayo bwawa lote. Alipomfikia mumewe, Mama Nabututu aliinuka, akageuka, akaketi tena akitazama miti, mgongo kwa maji. Akakaa vile ili mkwe wake aweze kula. Umati wote ule uliona. Tukageuza nyuso zetu kidogo na sisi, kwa adabu, na mimi machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Sahani iliporudi tupu alimtuma Nasipwondi tena: mwambie mume wako atangaze kwamba nimefika.

Walubengo alizunguka kwa nje, mbali na alipokaa mama, mpaka kwenye Landrova. Tukasikia spika ikikoroma. "Winjuru, winjuru." Safari hii alifika upesi kwenye jambo lenyewe. "Mama amefika," akasema. Basi, hakuongeza kitu. Na hakuna mtu aliyefunga mzigo.

Jioni Mama Nabututu alilala kwangu. Kitanda kilikuwepo, na kitambaa chake nilikuwa nimekitunza kwenye sanduku, nimekipiga pasi. Alikifunga kichwani bila kuuliza. Tulikuwa tukinywa chai, na ng'ambo ya ukuta Walubengo alikuwa akiongea na wanawe kwa sauti ya chini, akiwasimulia siku ilivyokuwa. Mama akaweka kikombe chini akasikiliza.

"Kumbe ana sauti nzuri," akasema. "Ni kile chombo kinaiharibu."

Asubuhi, nikimsaidia kupanga kikapu, nikaliona kufuli la Wakoli chini ya nguo. Nikamwambia, Mama, hii ni mali ya ofisi, umesahau kuirudisha.

"Sijasahau," akasema. "Wakitaka kufunga watakuja kuniomba Kimilili. Hapo nitajua."

Wakoli hakwenda kuliomba, na bwawa halikukodishwa tena kwa klabu. Maafisa walibadilika, sheria za bwawa nazo zilibadilika hapa na pale, mara ndoana ruhusa, mara hapana, lakini geti la Malwal lilikaa bila kufuli, kwa sababu lile kufuli lilikuwa likifunga ghala la mahindi la bibi mmoja huko Kimilili. Na kila Agosti, mpaka miguu ilipomkatalia, alikuja mwenyewe kukagua. Tulimsindikiza mlimani, Nasipwondi na mimi na watoto, na Obiero bila koti. Tukifika kwenye kona Walubengo alituona kutoka getini, akageuka, na kama desturi yake akaingia wa kwanza, mbio.